Ichiro Suzuki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maisha Yake ya Besiboli

Nilianza kumtazama Ichiro mwaka 2010. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku hapa Seattle, kwa hiyo mechi za mchana ndizo zilizokuwa starehe yangu. Timu ya Mariners ilipoteza mechi 101 msimu ule na viti vya nyuma upande wa kulia vilikuwa rahisi kupatikana. Besiboli sikuijua hata kidogo. Nilichokijua ni kwamba mchezaji aliyesimama karibu nami kuliko wote alikuwa na namba 51 mgongoni, na kwamba hakutulia. Kati ya mpira mmoja na mwingine, wenzake wakiwa wamejishika viuno, yeye alikuwa anapanua miguu, anakandamiza magoti, anazungusha mabega, kama mtu anayetarajia kuitwa sasa hivi. Tangu hapo ndugu na marafiki, wa Tanga na wa huku, wameniuliza mengi juu yake. Haya ndiyo maswali yanayorudi, na majibu yangu.

Ichiro Suzuki ni nani hasa?

Ni Mjapani aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1973, akalelewa Toyoyama, mji mdogo karibu na Nagoya katika mkoa wa Aichi. Alicheza besiboli ya kulipwa kuanzia 1992 hadi 2019: misimu 9 Japani akiwa na Orix BlueWave ya Kobe, kisha misimu 19 Marekani akiwa na Seattle Mariners, New York Yankees, Miami Marlins na tena Mariners. Alikuwa mlinzi wa nje, hasa upande wa kulia. Ukijumlisha nchi zote mbili alipiga mipigo 4,367.

Mimi besiboli siijui. Hiyo mipigo ni kitu gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu bila kulielewa, kila namba inayofuata ni kelele tu.

Mrushaji anasimama mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji na kuvurumisha mpira, mara nyingi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Mpigaji ana gongo la mti. Wanaojua kriketi wanalijua gongo bapa. Hili la besiboli ni duara kama mchi wa kutwangia. Kwa hiyo mpira wa duara unakutana na mchi wa duara, na ukikosea kwa unene wa kidole tu, mpira unapaa juu na kudakwa, au unabiringika miguuni mwa mlinzi. Akiupiga ukaangukia pasipo na mtu wa kuudaka, naye akawahi kufika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka, umbali wa mita 27 na nusu hivi, kabla mpira haujarudishwa, huo ndio mpigo. Akifika besi ya pili au ya tatu kwa pigo hilohilo, mpigo ni mkubwa zaidi. Mpira ukivuka ukuta kabisa, ni homurani, na hapo anazunguka besi zote kwa kutembea akipenda.

Sasa shika jambo moja: mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila mara 10 ni mpigaji hodari. Mchezo wenyewe umejengwa juu ya kushindwa. Anayeweza kushindwa mara 7, akarudi kesho na uso uleule na maandalizi yaleyale, huyo ndiye anayedumu. Ichiro katika ligi kuu ya Marekani alifanikiwa mara 3,089 katika majaribio 9,934. Wastani wake ni 0.311.

Na mlinzi wa nje anafanya nini huko mbali?

Walinzi wa nje ni watatu: kushoto, katikati, kulia. Wanalinda majani yote yaliyo nyuma ya besi hadi ukutani. Wa kulia lazima awe na mkono wenye nguvu kuliko wenzake, maana kutoka kwake hadi besi ya tatu ndiko mbali zaidi.

Tupa la Ichiro ambalo watu hawajalisahau ni la tarehe 11 Aprili 2001, mjini Oakland. Alikuwa hajamaliza hata wiki mbili za msimu wake wa kwanza Marekani. Mpinzani aitwaye Terrence Long alikuwa besi ya kwanza. Mwenzake akaupiga mpira kwenda kulia, na Long akaamua kukimbia moja kwa moja hadi ya tatu. Uamuzi wa kawaida kabisa, kila mkimbiaji angeufanya. Ichiro akaukimbilia mpira, akauokota, akautupa. Haukupanda juu na kushuka kama tupa la kawaida la kutoka mbali. Ulikwenda chini, umenyooka kama kamba iliyovutwa pande zote mbili, ukamfikia David Bell pale kwenye besi, naye akawa kama ameupokea mkononi tayari kumgusa Long anayekuja; mkimbiaji akiguswa hivyo kabla ya kufika besi, ametolewa. Itafute video yake. Tazama mpira, kisha itazame tena umtazame Long anavyogundua kwamba mpira umeshafika.

Alianzaje?

Alianza na baba yake, Nobuyuki. Mtoto akiwa na miaka 7 aliomba afundishwe, na baba akakubali kwa sharti la kufanya kila siku. Kwenye glavu yake ya utotoni kulikuwa na neno la Kijapani lenye maana ya kuweka akili yote mahali pamoja. Jioni walikwenda kwenye kituo cha mazoezi chenye mashine za kurusha mipira, akapiga mamia.

Akiwa darasa la sita aliandika insha kuhusu ndoto yake, na insha hiyo inajulikana Japani nzima. Aliandika kwamba tangu darasa la tatu, katika siku 365 za mwaka, siku 360 anafanya mazoezi makali. Akaandika kwamba atakuwa mchezaji wa kulipwa, akataja timu anazozitaka, na akataja fedha ya kusajiliwa: yeni milioni 100 na zaidi. Watu wanaipenda insha ile kwa sababu ya hesabu zake. Mimi napenda pale mwishoni, anapoahidi kwamba akishakuwa mchezaji mkubwa, waliomsaidia atawapelekea tiketi waje kumtazama. Mtoto wa miaka 12, na tayari anajua kwamba hafiki peke yake.

Ni kweli kwamba si mtu wa mkono wa kushoto?

Ni kweli. Anatupa kwa kulia, anapiga kwa kushoto. Alifundishwa hivyo utotoni kwa sababu anayepiga upande wa kushoto anasimama karibu zaidi na besi ya kwanza, hatua moja au mbili. Kwa mtu mwenye mbio kama zake, hatua mbili ni utajiri. Mipigo yake mingi ilikuwa mipira dhaifu iliyobiringika ndani, ambayo kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa amekwisha. Kwake ilikuwa mashindano ya mbio.

Mbona shati lake liliandikwa jina la kwanza, si la ukoo?

Suzuki ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyo mengi kabisa Japani. Mwaka 1994 kocha mpya wa Orix, Akira Ogi, aliamua kijana huyu asipotee katika bahari ya akina Suzuki, akamwandikia Ichiro mgongoni.

Lakini Ogi alifanya kubwa kuliko hilo. Kabla yake, Ichiro alikuwa amechaguliwa katika raundi ya nne tu timu zilipogawana wachezaji wapya, na kwa misimu miwili alikaa sana timu ya pili, kwa kuwa kocha aliyekuwepo hakupenda mtindo wake wa kupiga: aliinua mguu wa mbele na kuuyumbisha kama pendulamu ya saa ya ukutani, mwili ukitangulia mbele mpira ukiwa bado njiani. Vitabu vya ufundi vinakataza. Ogi akamwacha apige anavyojua. Msimu uleule Ichiro akapiga mipigo 210 katika mechi 130, mtu wa kwanza kufika 200 katika msimu mmoja Japani. Kuanzia hapo akaongoza ligi yake, moja kati ya mbili kuu za Japani, kwa wastani wa kupiga miaka 7 mfululizo. Najiuliza ni vijana wangapi, katika kila mchezo, hawakumpata Ogi wao.

Kobe inahusika vipi naye?

Tarehe 17 Januari 1995, alfajiri, tetemeko la ardhi liliipiga Kobe na viunga vyake. Watu zaidi ya 6,000 walikufa. Orix ilikuwa timu ya mji huo. Kulikuwa na mawazo ya kucheza kwingine, lakini walibaki nyumbani, wakashona kwenye mikono ya mashati maneno ya kuitia moyo Kobe. Watu waliopoteza nyumba wakaja uwanjani. Mwaka huo timu ikawa bingwa wa ligi yake, na 1996 ikaifunga Yomiuri Giants na kuchukua ubingwa wa Japani. Wazee wa Kobe wakimtaja Ichiro hawaanzi na Marekani.

Alifikaje Marekani, na walimpokeaje?

Mwishoni mwa 2000 Orix ilimruhusu aondoke kwa utaratibu wa mnada kati ya timu za Marekani. Mariners walitoa dola milioni 13 na kidogo ili tu wapate haki ya kuzungumza naye, kisha wakampa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 14 hivi.

Wengi walitia shaka. Wajapani waliokuwa wametangulia kucheza ligi kuu, kama Masanori Murakami mwaka 1964 na Hideo Nomo mwaka 1995, walikuwa warushaji wote. Mpigaji hajawahi. Isitoshe, ulikuwa wakati wa majitu: mwaka huohuo wa 2001 Barry Bonds alipiga homurani 73, rekodi ambayo haijavunjwa. Na hapa anakuja mtu wa mita 1.80, mwembamba, anayepiga mpira chini na kukimbia.

Namba 51 aliyopewa ilikuwa ya Randy Johnson, mrushaji mkubwa aliyeondoka Seattle. Ichiro alimpelekea ujumbe akimwahidi kwamba hataiaibisha. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo maisha yake ya Seattle yalipoanza, kabla hajagusa gongo.

Msimu wa kwanza ulikuwaje?

Mipigo 242. Besi 56 za kuiba, yaani alizozikimbilia mrushaji akiwa anashughulika na mpigaji mwingine. Wastani 0.350. Mariners wakashinda mechi 116, wakaifikia rekodi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906. Ichiro akachaguliwa kuwa mchezaji chipukizi bora na pia mchezaji bora wa msimu wa ligi yake, vyote kwa mpigo. Kabla yake ni Fred Lynn peke yake, mwaka 1975, aliyewahi kuvipata pamoja. Katika mtoano Yankees wakawatoa.

Kuanzia 2001 hadi 2010, kila mwaka bila kuruka, alipiga mipigo 200 au zaidi, aliitwa kwenye mechi ya nyota, na alipewa Glavu ya Dhahabu ya ulinzi. Miaka 10.

Rekodi ya mipigo 262 ina uzito gani?

Mwaka 1920 George Sisler alipiga mipigo 257 katika msimu mmoja. Hakuna aliyeifikia: miaka 84 ikapita, vita vikuu vikapita, majina makubwa yote yakapita. Watu waliacha kuitazama, kama mlima ambao umeuzoea dirishani.

Tarehe 1 Oktoba 2004, Seattle dhidi ya Texas, Ichiro akaifikia na kuipita. Mwisho wa msimu akawa na 262. Kati ya hiyo, 225 ilikuwa ya besi moja tu. Sisler alicheza msimu wa mechi 154 na Ichiro wa 162, na watu wa takwimu hulitaja hilo; ni haki yao. Lakini tazama alichofanya uwanjani. Wachezaji wote walitoka kumkumbatia, fataki zikalipuka, na yeye akatembea hadi pembeni ambako familia ya Sisler ilikuwa imekaa. Binti wa Sisler alikuwa na miaka 81. Ichiro akavua kofia ya kupigia, akainama, akampa mkono.

Hayakuishia hapo. Mwaka 2009, mechi ya nyota ilipofanyika St. Louis, alikwenda na mkewe hadi kaburi la Sisler, akaweka maua. Kwa desturi zetu, mtu akirithi kitu huenda kuwajulia hali wenye nacho. Hakuna aliyemfundisha Ichiro desturi zetu, na bado alikwenda.

Nimesikia kwamba alijali namba zake kuliko timu. Ni kweli?

Limesemwa sana, na lisidharauliwe. Walisema hapigi homurani (alimaliza na 117 Marekani), hasubiri mipira mibovu ili apewe besi ya bure, na kwamba timu inafungwa naye anahesabu mipigo yake. Msimu huo wa 262, Mariners walipoteza mechi 99.

Jibu langu ni la mtu aliyekaa nyuma yake. Timu ikipoteza mechi 99 au 101, rahisi kwa mchezaji ni kulegea: kufika uwanjani kwa kuchelewa kidogo, kuukimbilia mpira nusu nusu, kwani nani anajali? Septemba ya 2010 uwanja ulikuwa umejaa robo tu, msimu umeshakufa tangu Juni, na yule bwana wa miaka 36 aliupigia mbio kila mpira uliobiringika kama vile ubingwa unategemea. Kama huo ni ubinafsi, basi ningetamani timu nzima iambukizwe.

Inasemekana alitunza gongo na glavu zake kama mtoto mchanga. Mambo gani aliyafanya?

Hili nalijua kwa undani kwa sababu nililitazama kwa makusudi. Mechi ikiisha, wenzake wakienda kuoga, yeye aliketi na kusafisha glavu yake na viatu vyake mwenyewe. Hakumwachia mtumishi, ingawa watumishi wapo. Magongo yake yalitengenezwa na kampuni ya Mizuno na fundi wake Isokazu Kubota, kwa miaka mingi kwa mti wa aodamo unaoota Japani, na Ichiro aliyabeba katika sanduku maalumu lisiloruhusu unyevunyevu. Mti ukinywa maji unaongezeka uzito, hata gramu chache, na mtu anayepiga kwa vipimo vya unene wa kidole anazihisi. Wachezaji wengine waliyarundika ya kwao kwenye mfuko mmoja.

Akisimama kupiga alikuwa na ibada isiyobadilika. Analinyoosha gongo wima mbele kwa mkono wa kulia, kama anapima kimo cha mrushaji. Mkono wa kushoto unavuta bega la shati juu kidogo. Kisha gongo linarudi taratibu nyuma ya sikio. Kila mara, mamia ya mara kwa msimu. Mtoto wa jirani yangu, mzaliwa wa huku ambaye Kiswahili anakisikia tu bila kukisema, alikuwa anaigiza kwa ufagio uani, na hata kile kivuto cha bega hakukisahau.

Alikula kari kila asubuhi?

Kwa miaka kadhaa, ndiyo. Mkewe, Yumiko Fukushima, aliyekuwa mtangazaji wa televisheni, alimpikia wali na mchuzi wa kari siku za mechi za nyumbani. Alitaka tumbo lisimletee jambo jipya.

Aliwahi kuchukua ubingwa?

Wa Japani, ndiyo, 1996. Wa Marekani, hapana. Hata fainali hakuicheza. Mariners wenyewe, hadi msimu wa 2025, ndiyo timu pekee ya ligi kuu ambayo haijawahi kufika fainali.

Lakini akiwa na taifa lake alichukua mashindano ya dunia ya besiboli mara mbili, 2006 na 2009. Ile ya 2009 nisiipite haraka. Mashindano yote alipiga vibaya, hadi magazeti ya kwao yakaanza kuuliza kama aachwe nje. Fainali ikawa Japani na Korea Kusini mjini Los Angeles, 3 kwa 3, muda wa ziada. Ichiro akaja kupiga dhidi ya Lim Chang-yong, wakimbiaji wako besi ya pili na ya tatu. Akaukwepesha mpira mmoja nje, mwingine nje, hakuachia. Halafu akaupiga katikati, wawili wakaingia, Japani ikashinda 5 kwa 3.

Kwa nini aliondoka Seattle?

Tarehe 23 Julai 2012 aliuzwa kwa Yankees. Seattle walikuwa wanajenga timu ya vijana, naye alikuwa na miaka 38. Usiku uleule Yankees walikuwa wageni Seattle, kwa hiyo alivua shati la nyumbani na kuvaa la wageni katika uwanja uleule. Alipokuja kupiga mara ya kwanza watu walisimama wote. Akavua kofia, akainama pande zote. Mgongoni alikuwa na 31, maana 51 ya New York ilikuwa ya Bernie Williams na hakutaka kuivaa.

Mwaka 2015 akaenda Miami. Siku ya mwisho ya msimu huo walimruhusu kurusha awamu moja (mechi ya kawaida ina awamu 9), ndoto ya tangu utotoni. Tarehe 7 Agosti 2016, mjini Denver, akiwa na miaka 42, akapiga mpigo wake wa 3,000 wa Marekani: mpira uligonga ukuta na yeye akakimbia hadi besi ya tatu. Baadaye kamera ikamkuta ameketi kwenye benchi, miwani meusi usoni, machozi yanapita chini yake.

Je, ndiye mwenye mipigo mingi kuliko wote duniani?

Rekodi ya ligi kuu ya Marekani ni ya Pete Rose, 4,256. Ichiro alipoipita Juni 2016 kwa kujumlisha mipigo 1,278 ya Japani, Rose alipinga kwamba ligi ya Japani si sawa. Alikuwa na hoja: kiwango ni tofauti. Lakini misimu ya Japani ilikuwa mifupi, na Ichiro alifika Marekani akiwa na miaka 27, miaka mizuri imeshatumika kwingine. Mimi husema rekodi ya ligi kuu ni ya Rose, na mtu aliyepiga mipigo mingi zaidi katika ligi kuu za besiboli ni Ichiro. Sioni haja ya kumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine.

Alistaafu vipi?

Alirudi Seattle 2018, akacheza wiki chache, Mei akaondolewa kwenye orodha ya wachezaji na kupewa kazi ofisini. Aliendelea kufanya mazoezi na timu kila siku, bila mechi. Machi 2019 Mariners walifungua msimu Tokyo dhidi ya Oakland, naye akarudishwa kwa mechi mbili. Alikuwa na miaka 45.

Hakupata mpigo hata mmoja. Tarehe 21 Machi, awamu ya nane, mpira wake wa mwisho ulibiringika ndani. Akakimbia kwa nguvu zote na kuzidiwa kwa hatua moja. Akaenda kusimama kulia, halafu kocha akawaita wenzake wote waondoke ili abaki peke yake kwenye majani. Akatoka akiwakumbatia mmoja mmoja. Yusei Kikuchi, Mjapani kijana aliyekuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu usiku ule, alilia hadharani. Mechi ikaendelea hadi awamu ya 12. Watu hawakuondoka. Timu zilishaingia ndani, nao wamekaa vitini, wanaita jina lake, mpaka akatoka tena kuzunguka uwanja akiwapungia. Mkutano wake na waandishi ulianza karibu saa sita usiku na kuchukua kama saa moja na nusu.

Heshima gani amepewa?

Januari 2025 alichaguliwa kuingia Cooperstown, kwenye jumba la mashujaa wa besiboli, kwa kura 393 kati ya 394. Ni wa kwanza mzaliwa wa Asia. Kuhusu ile kura moja, alisema angependa kumwalika aliyeikosesha nyumbani kwake wanywe pamoja. Tarehe 27 Julai 2025 alihutubia kwa Kiingereza, yeye ambaye miaka yote alizungumza na waandishi kupitia mkalimani. Agosti 2025 Seattle wakastaafisha namba 51. Nishani ya heshima ya taifa la Japani aliikataa 2001, 2004 na 2019.

Ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Yeye binafsi, hapana. Lakini besiboli ya shule Tanzania imekuzwa na Wajapani, na mashindano yake ya taifa yamepewa jina la Koshien, uwanja wa mashindano ya sekondari ya Japani ambako Ichiro mwenyewe alicheza akiwa mwanafunzi. Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa 2018. Nilipokwenda likizo nilisimama kwenye uzio nikawaona vijana wawili wakirushiana mpira, glavu zimechakaa, na mmoja akavuta bega la shati kabla ya kupiga. Labda ni joto tu. Nilifurahi hata hivyo.

Sasa yuko wapi?

Seattle kwa sehemu kubwa ya mwaka, akiisaidia timu. Japani huenda kufundisha timu za sekondari, na amecheza dhidi ya timu za wasichana wa sekondari, akirusha mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho wa mechi bila kuwapunguzia.

Ukija Seattle njoo mapema, milango ikifunguliwa tu, ukae kulia nyuma kabisa. Mara nyingi utamwona: mvi kichwani, sare kamili ya timu, soksi zimepandishwa hadi magotini. Anadaka mipira ya mazoezi na vijana ambao wengine hawakuwa wamezaliwa alipotupa lile tupa la Oakland. Mpira usipoelekea kwake, anapanua miguu, anakandamiza magoti, anazungusha bega la kushoto, kisha la kulia.